Maelezo ya Zana za Kompyuta: Kumwandikia Msomaji Asiye Mtu

Mgonjwa anapopewa dawa katika zahanati, aghalabu hupewa bahasha ndogo iliyoandikwa "2 x 3". Maandishi hayo ni mafupi mno, lakini mgonjwa huyaelewa: vidonge viwili, kutwa mara tatu. Huyaelewa si kwa sababu alama hizo zinajitosheleza, bali kwa sababu mtoa dawa amemweleza kwa mdomo, na kwa sababu jamii nzima imekwisha kuzizoea. Mgeni asiyeijua desturi hiyo angeweza kudhani kwamba ameagizwa vidonge vitatu mara mbili, au hata vidonge sita kwa mkupuo mmoja. Hesabu ya siku ingekuwa ile ile, yaani vidonge sita, lakini athari yake mwilini ingekuwa tofauti.

Makala haya yanahusu maandishi ya namna hiyo katika uwanja wa kompyuta. Kwa miaka mingi waunda programu wamekuwa wakiandika maelezo ya zana zao kwa ajili ya watu, na maelezo yalipopungua, watu waliulizana na kuelekezana. Siku hizi amezuka msomaji mwingine, ambaye si mtu, asiyekuwa na jirani wa kumwuliza, na ambaye mara nyingi hatasita kutenda hata pale asipoelewa. Msomaji huyo ni wakala wa akili mnemba. Inafaa basi kuchunguza jinsi anavyosoma, anakokosea, na namna ya kumwandikia ili kazi anayopewa isigeuke kuwa hasara.

WAKALA NI NINI?

Katika mazungumzo ya kila siku, wakala ni mtu anayetenda jambo kwa niaba ya mwenziwe: wakala wa bima, wakala wa meli, au wakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu. Wakala wa akili mnemba ni programu ya kompyuta inayopewa lengo kwa maneno ya kawaida, kisha ikachagua yenyewe hatua za kulifikia lengo hilo.

Kiini cha wakala huyo ni modeli kubwa ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kwa kupitishwa katika maandishi mengi mno, hata ikaweza kukisia ni neno gani linalofaa kufuata katika mfululizo wa maneno. Modeli nyingi za aina hii zimejengwa juu ya muundo uitwao transfoma, uliotangazwa na watafiti wa kampuni ya Google mwaka 2017.

Jambo la kuzingatia ni kwamba modeli yenyewe haiwezi kufungua faili, kupeleka barua, wala kulipa ankara. Kazi yake ni kupokea maandishi na kutoa maandishi. Ili itende jambo lolote, sharti ipewe zana. Zana katika maana hii ni programu nyingine, ya kawaida kabisa, yenye kazi moja maalumu: kutafuta kitabu katika orodha ya maktaba, kusoma akiba iliyomo ghalani, au kupeleka ombi la malipo.

Mwezi Juni 2023 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliwawezesha waunda programu kuipa modeli yake orodha ya zana pamoja na maelezo ya kila moja. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic, ambayo pia ni ya Marekani, ilitangaza kanuni za mawasiliano ziitwazo Model Context Protocol. Kanuni hizo, zilizowekwa wazi kwa yeyote atakaye kuzitumia, zinaeleza jinsi programu inavyopaswa kuzitambulisha zana zake kwa wakala.

TATIZO LILILO KONGWE

Ingawa wakala ni jambo jipya, tatizo la kueleza zana lina umri unaokaribia ule wa kompyuta zenyewe. Tarehe 6 Mei 1949 kompyuta iitwayo EDSAC ilifanya hesabu zake za kwanza katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Maurice Wilkes na wenzake waliona mapema kwamba ni upotevu wa wakati kwa kila mtu kuandika upya hatua za kutafuta kipeo cha pili au za kuchapa namba. Wakaanzisha maktaba ya programu ndogondogo zilizotobolewa katika kanda za karatasi, na kila programu ikaandikiwa maelezo yake. Mwaka 1951 Wilkes, pamoja na David Wheeler na Stanley Gill, walichapisha kitabu kuhusu kazi hiyo. Mwaka uliofuata Wheeler aliwaeleza wanasayansi wenzake kwamba, hata baada ya programu kuandikwa na kujaribiwa, bado ingaliko kazi kubwa ya kuiandikia maelezo ili mtu asiyejua yaliyomo ndani yake aweze kuitumia kwa urahisi. Na kazi hiyo ya mwisho, alisema, huenda ikawa ngumu kuliko zote.

Miaka ishirini hivi baadaye, tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Laboratories nchini Marekani walitoa mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix. Kila amri ilielezwa kwa mpangilio mmoja: jina lake, namna ya kuiandika, kazi yake, faili zinazohusika, amri nyingine zinazohusiana nayo, na ujumbe unaotokea mambo yanapoharibika. Mpangilio huo ulikuwa hata na sehemu ya hitilafu zinazojulikana, ambapo waandishi walikiri waziwazi mapungufu ya kazi yao. Kwa njia hiyo msomaji aliyekwisha kusoma ukurasa mmoja alijua mahali pa kutafuta jambo katika kurasa nyingine zote.

Waanzilishi hao waliwaandikia wahandisi waliokuwa na uzoefu, na mara nyingi walioketi katika jengo moja nao. Wakala hana fursa hiyo. Yote anayoyajua kuhusu zana aliyopewa ni yale yaliyoandikwa katika maelezo yake.

JINSI WAKALA ANAVYOITUMIA ZANA

Hebu tufuate safari ya ombi moja. Kwanza, mtu anaandika anachotaka. Pili, programu inayomwendesha wakala inaunganisha ombi hilo na maelezo ya zana zote zilizopo, na kuyapeleka yote kwa modeli kama maandishi mamoja. Tatu, modeli inatoa jibu lenye muundo maalumu, likitaja jina la zana moja na thamani za kujaza katika nafasi zake. Nafasi hizo huitwa vigezo. Nne, programu ya kawaida inasoma jibu hilo na kuiendesha zana. Tano, matokeo yanarudishwa kwa modeli, nayo yakiwa maandishi, ili iamue hatua inayofuata. Mzunguko huo hurudiwa mpaka kazi iishe au ikwame.

Kutokana na maelezo hayo tunaona mambo matatu. La kwanza, mara nyingi modeli haioni undani wa zana. Huona jina lake, maelezo yake na orodha ya vigezo vyake tu. La pili, pengo lolote katika maelezo litazibwa kwa kukisia. Modeli imefunzwa kutoa lile linaloelekea kufaa, na pale maelezo yanapokuwa kimya, linaloelekea kufaa ni lile lililoonekana mara nyingi katika maandishi iliyofunzwa nayo, hata kama si kweli kwa zana hii. La tatu, maelezo yote ya zana huchukua nafasi katika maandishi ambayo modeli inaweza kuyapokea kwa mara moja, na nafasi hiyo ina kikomo. Kwa hiyo haifai mwandishi kumwaga maneno ovyo akidhani kwamba wingi ndio uwazi.

MFANO WA BOHARI YA DAWA

Tuchukue mfano wa kubuni. Bohari ya dawa inahudumia zahanati nyingi za vijijini, na imeunda zana ya kupokelea maombi. Mganga wa zahanati anamwambia wakala: "Tuagizie parasetamoli ya kututosha miezi miwili, kwa mwezi tunatumia vidonge 1,000." Zana imeelezwa hivi:

Jina: agiza
Maelezo: Huagiza dawa.
Vigezo: dawa, kiasi, tarehe

Kwa mtu aliyeiunda, maelezo hayo yanatosha. Yeye anajua kwamba "kiasi" ni idadi ya makopo, na kwamba kila kopo lina vidonge 1,000. Wakala hajui. Anasoma ombi la mganga, anazidisha 1,000 kwa 2, na kuandika 2,000 katika nafasi ya kiasi. Zana inapokea namba hiyo bila kinyongo. Zahanati iliyohitaji makopo 2 imeagiza makopo 2,000, yaani vidonge 2,000,000. Ombi likipita, fedha za zahanati zitakwisha kwa dawa moja, na mama aliyemleta mtoto mwenye homa ya mapafu hatakuta dawa ya kumtibu.

Wala si haki kusema kwamba wakala amekosea hesabu. Hesabu yake ni sahihi. Kilichokosekana ni neno moja katika maelezo. Hebu sasa tuyaandike upya:

Jina: agiza_dawa_bohari
Kazi: Hupeleka bohari ombi la dawa ya aina moja kwa ajili ya zahanati moja. Haibadilishi hesabu ya akiba iliyomo katika zahanati; kwa kazi hiyo tumia punguza_akiba.
Kabla ya kuitumia: Soma akiba iliyopo kwa zana ya soma_akiba.
Vigezo:
namba_ya_dawa: Tarakimu 8 kama zilivyo katika orodha ya bohari. Si jina la dawa. Ikiwa huijui, tumia tafuta_dawa.
idadi_ya_makopo: Namba kamili kuanzia 1 hadi 50. Kopo moja lina vidonge 1,000. Usiandike idadi ya vidonge. Mfano: kwa vidonge 3,000 andika 3.
tarehe_ya_kupokea: Mwaka, mwezi, siku. Mfano: 2027-04-03.
Matokeo: Namba ya ombi na gharama yake kwa shilingi.
Athari: Ombi likipokelewa haliwezi kufutwa kwa zana yoyote. Mwonyeshe mganga idadi na gharama, upate kibali chake, kabla ya kuliwasilisha.

Maelezo haya ni marefu kuliko yale ya kwanza, lakini hakuna sentensi ndani yake isiyokuwa na kazi. Jina la zana linataja kitendo na mahali. Jina la kigezo linabeba kipimo chake, hata msomaji anayepita haraka hawezi kukikosa. Mipaka imetajwa kwa namba. Pale ambapo zana mbili zinaweza kuchanganywa, tofauti yao imeelezwa. Mfano mmoja umetolewa palipokuwa na hatari ya kukosea. Tena, maelezo yamesema jambo ambalo zana haifanyi, na hili ndilo waandishi wengi hulisahau, kwa kuwa aliyeunda kitu huona wazi mipaka yake na hudhani kwamba kila mtu anaiona.

Sehemu inayostahili kupimwa kwa makini kuliko zote ni ile ya athari. Zana za kusoma tu, kama vile kutazama akiba, zikitumiwa vibaya hupoteza wakati. Zana zinazobadilisha mambo, kama vile kulipa, kufuta na kupeleka, zaweza kuleta madhara yasiyorudishika. Mwandishi anapaswa kueleza waziwazi zana yake ni ya kundi gani, na kama kitendo chake chaweza kutenguliwa.

VIPIMO, TAREHE NA SAA

Makosa mengi hayatokani na mambo magumu, bali na mambo ambayo kila mtu anadhani anayajua. Tarehe ni mfano mzuri. Maandishi 03/04/2027 yana maana ya tarehe 3 Aprili kwa msomaji wa Dodoma au Nairobi, lakini kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Kanuni ya kimataifa ISO 8601, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, huondoa utata huo kwa kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Zana iliyo makini huitaja kanuni hiyo na kutoa mfano.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna tatizo jingine ambalo wageni hawalitambui. Kiswahili huhesabu saa tangu mapambazuko na tangu machweo, kwa hiyo saa tatu asubuhi ni 09:00 katika hesabu ya kimataifa, na saa tatu usiku ni 21:00. Zaidi ya hayo, saa za Afrika Mashariki zimetangulia saa za kimataifa za UTC, zinazotumiwa na kompyuta nyingi, kwa muda wa saa tatu; hivyo saa tatu asubuhi ya Dar es Salaam ni 06:00 katika kompyuta hizo. Basi zana iliyo na kigezo kiitwacho "saa" bila maelezo zaidi, ikipewa ombi la "saa tatu", yaweza kujazwa 3, 9, 6 au 21, na kila jibu likawa na hoja ya kulitetea. Mkutano utaandaliwa alfajiri na hakuna atakayehudhuria.

Hali kadhalika Kiswahili kina maneno kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, ambayo yanahesabu siku nne zijazo moja baada ya nyingine. Utajiri huo ni wa kujivunia, lakini zana ya kompyuta haihitaji utajiri, bali tarehe moja. Kazi ya kugeuza "mtondo" kuwa tarehe ni ya wakala, naye hawezi kuifanya asipojua leo ni tarehe ngapi. Mwandishi mwerevu ataeleza kwamba tarehe ya leo ipatikane kwa zana fulani kabla ya kufanya hesabu hiyo, badala ya kumwachia wakala aikisie.

Kwa fedha, maelezo yataje sarafu, na yaseme kama kiasi ni shilingi au senti. Kwa namba ya simu, yaseme kama inaanza na 0 au na tarakimu za nchi, kama vile 255 kwa Tanzania na 254 kwa Kenya. Kwa uzito, yaseme kama ni gramu au kilo. Neno moja la kipimo ni bei ndogo sana ya kulipia usalama.

UJUMBE WA KOSA NAO NI MAELEZO

Watu wengi hudhani kwamba maelezo ni yale yanayosomwa kabla ya kazi. Kwa wakala, ujumbe unaotolewa na zana inapokataa ombi ni maelezo pia, na huenda ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa humfikia wakati ule ule anapoyahitaji. Tuseme wakala wetu ameandika 2,000 katika nafasi ya makopo. Zana yaweza kujibu:

Kosa 400.

Jibu hilo halina faida. Wakala atajaribu tena kwa namna nyingine ya kubahatisha, labda 200, labda 20. Lakini zana yaweza kujibu hivi:

Ombi halikupokelewa. Idadi 2,000 imezidi kikomo cha makopo 50. Ikiwa 2,000 ni idadi ya vidonge, gawanya kwa 1,000.

Jibu hili lina mambo matatu: limesema kwamba hakuna kilichotendeka, limesema kosa ni lipi, na limesema njia ya kulirekebisha. Mwalimu anayesahihisha daftari la hesabu anafahamu tofauti hiyo. Alama ya mkasi peke yake humwambia mwanafunzi kwamba amekosa. Neno fupi pembeni humwonyesha alipopotoka.

YALIYOONEKANA KATIKA MAJARIBIO

Je, mambo haya yana uzito kweli, au ni maoni tu? Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitangaza mfumo uitwao SWE-agent. Waliipa modeli ya lugha kazi ya kurekebisha hitilafu halisi katika programu, kwanza kwa kutumia amri za kawaida za kompyuta zilizoundwa kwa ajili ya watu, kisha kwa kutumia zana walizozibuni kwa ajili ya wakala. Zana hizo mpya zilikuwa chache na zenye maelezo mafupi. Ile ya kusomea faili ilionyesha mistari isiyozidi 100 kwa mara moja. Ile ya kutafuta ilitoa matokeo yasiyozidi 50. Yakizidi, ilimshauri wakala aandike swali lililo bayana zaidi. Ile ya kuhariri ilikataa badiliko lenye kosa la sarufi ya programu, na kueleza sababu.

Katika kazi 300 za majaribio, modeli ile ile ilifaulu asilimia 11 ilipotumia amri za kawaida, na asilimia 18 ilipotumia zana zilizobuniwa. Modeli haikufunzwa upya. Kilichobadilika ni zana na maneno yaliyozizunguka.

Mwezi Desemba mwaka huo huo, wahandisi wa Anthropic walieleza tukio lingine la namna hiyo. Wakala wao alikuwa akikosea kutaja mahali faili zilipo, kila alipohama kutoka folda moja hadi nyingine, kwa sababu zana ilikubali njia fupi inayohesabiwa kutoka mahali alipo. Hawakumkanya wakala awe mwangalifu zaidi. Waliibadilisha zana idai njia kamili, inayoanzia kwenye shina la mfumo, na kosa hilo likatoweka. Funzo lake ni kwamba maelezo bora wakati mwingine ni yale yasiyohitajika tena, kwa kuwa zana imeundwa hata kosa lenyewe haliwezekani.

Njia ya kufikia ubora huo ni ya kisayansi kabisa. Mwandishi huandaa kazi kadhaa zinazofanana na kazi halisi, humpa wakala, hutazama ni wapi alipochagua zana isiyofaa au kujaza kigezo vibaya, hurekebisha maneno, kisha huanza upya na kazi zile zile. Asirekebishe mambo mengi kwa pamoja, maana hatajua ni lipi lililoleta nafuu.

MAELEZO PEKE YAKE HAYATOSHI

Ingekuwa kosa kumaliza hapa na kumwacha msomaji akidhani kwamba maandishi mazuri huzuia kila ajali. Tarehe 11 Desemba 1998 Marekani ilirusha chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kuelekea sayari ya Mirihi. Programu moja iliyokuwa duniani ilikokotoa msukumo wa injini ndogo za chombo hicho na kuandika matokeo katika faili, ambayo programu nyingine ilisoma ili kukadiria njia ya safari. Hati ya maelezo ilisema wazi kwamba kipimo kiwe niutoni-sekunde. Lakini programu ya kwanza iliandika kwa kipimo cha Kiingereza, paundi-sekunde, ambacho kimoja ni sawa na niutoni-sekunde 4.45. Faili ilibeba namba tupu, bila kipimo. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilifika Mirihi kikiwa chini mno: kilitarajiwa kupita umbali wa kilometa 226 hivi juu ya sayari, kumbe kilipita kama kilometa 57, na hakikusikika tena.

Maelezo yalikuwapo, tena yalikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu au mashine ya kuhakikisha kwamba programu inayafuata. Kwa hiyo kila linaloandikwa katika maelezo ya zana, na likaweza kukaguliwa na programu yenyewe, sharti likaguliwe. Ikiwa maelezo yanasema kikomo ni makopo 50, zana ikatae 51. Na zana inapobadilishwa, maelezo yake yabadilishwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa maelezo yaliyopitwa na wakati ni hatari kuliko kukosa maelezo: yale yanadanganya, ilhali haya yananyamaza.

Kuna hatari ya pili. Kwa kuwa wakala huyasoma maelezo na kuelekea kuyatii, mtu mwovu anaweza kuandika zana inayoonekana njema, huku maelezo yake yakificha amri kama vile kusoma nywila za mtumiaji na kuzipeleka kwingine. Mtumiaji haoni maneno hayo, wakala anayaona. Ndiyo maana haifai kumpa wakala zana ya mtu asiyejulikana bila kuyasoma maelezo yake yote. Na kwa vitendo visivyorudishika, kama malipo, mfumo wenyewe usimame na kungoja kibali cha mtu, bila kutegemea utiifu wa wakala kwa sentensi iliyoandikwa.

ZOEZI KWA SHULE

Somo hili laweza kufundishwa hata katika shule isiyokuwa na kompyuta. Mwalimu aligawe darasa katika makundi mawili. Kundi la kwanza liandike, katika ukurasa mmoja, maelezo ya zana ya kuazimia vitabu vya maktaba ya shule: jina lake, kazi yake, vigezo, mipaka, matokeo, athari na ujumbe wa makosa. Kundi la pili likae chumba kingine, lipewe ukurasa huo pamoja na ombi hili: "Niazimie kitabu cha Fizikia cha Kidato cha Pili kwa siku nne kuanzia mtondo, nikichukue saa nane." Lijaze vigezo vyote bila kuuliza swali lolote.

Kisha makundi yakutane na kuhesabu ni mara ngapi kundi la pili lililazimika kukisia. Je, siku ya kuchukua kitabu imehesabiwa katika zile siku nne? Saa nane ni 14:00, au ni 08:00? Iwapo nakala zote zimekwisha kuazimwa, zana itasema nini? Kundi la kwanza lirekebishe maandishi yake, na zoezi lirudiwe kwa wanafunzi wengine wasiousikia mjadala huo.

Wanafunzi watagundua kwamba makosa mengi yako katika yale ambayo waandishi hawakuona haja ya kuyaandika. Ugunduzi huo utawafaa hata wale ambao hawatakuwa wahandisi wa kompyuta, kwa maana muuguzi anayeandika maagizo ya zamu, fundi anayemwachia mwenziwe mtambo, na karani anayetunga fomu ya serikali, wote wanamwandikia msomaji ambaye hawatakuwapo kumjibu maswali.